Mnara wa Mtaa wa Oozells

Leo tunakwenda Birmingham, jiji la viwanda lililo katikati ya Uingereza, mpaka kwenye uwanja mdogo uitwao Oozells Square. Pande zote kuna maofisi, mikahawa na vioo vinavyong'aa, na hatua chache kutoka hapo unapita mfereji wa maji. Katikati ya usasa huo limesimama jengo la matofali mekundu. Paa lake limechongoka, madirisha yake marefu yana ncha juu, na ubavuni pake umepanda mnara. Asiyelijua angeapa kwamba ni kanisa. Ndani mna jumba la sanaa linaloitwa Ikon, na mtu yeyote huingia bila kulipa kiingilio. Lakini lilipojengwa mwaka 1877, enzi ya Malkia Victoria, lilikuwa shule ya msingi ya watoto wa makabwela.

Nimelichagua jengo hili kwa sababu linaniuliza swali ambalo sijachoka kulifikiria. Kwa nini mji wa moshi na masizi, wenye watu wanaohesabu kila peni, ulikubali kuwajengea watoto maskini kuliko wote jengo zuri namna ile? Wangeweza kuwajengea boma lenye paa. Hakuna mzazi ambaye angelalamika. Wakaamua kujenga kazi ya sanaa.

Tuanze na mji wenyewe. Mwaka 1877 Birmingham haikuwa bado jiji. Hadhi hiyo iliipata mwaka 1889. Ulikuwa mji wa karakana, maelfu kwa maelfu, nyingine ndogo kiasi cha chumba cha nyuma cha nyumba ya mtu. Walitengeneza vifungo, pini, skrubu, bunduki, vito na vyombo vya shaba. Walitengeneza pia nibu. Msikilizaji mwenye umri mkubwa atakumbuka kalamu ya kuchovya kwenye kidau cha wino, yenye ncha ya chuma iliyokuwa ikikwaruza karatasi na kudondosha matone pale usipotaka. Katika karne ya 19 sehemu kubwa ya nibu zilizotumika duniani zilitoka Birmingham. Nibu zilisafiri kwa meli mpaka bandari za mbali, na katika mji ule ule uliozitengeneza kulikuwa na watoto chungu nzima wasioweza kuandika majina yao.

Hawakuweza kwa sababu hapakuwa na mtu aliyewajibika kuwafundisha. Kabla ya 1870 serikali ya Uingereza haikuwa na shule zake za msingi. Kuanzia mwaka 1833 ilitoa ruzuku, lakini shule zenyewe zilikuwa za makanisa na vyama vya hisani. Penye parokia tajiri palikuwa na shule, na mtaa uliofurika wahamiaji wa viwandani ulikaa bila. Mzazi alitakiwa alipe ada kila wiki, na mtoto aliyekaa darasani ni mtoto asiyeleta ujira nyumbani. Ukiwa na watoto watano na mshahara wa kubangaiza, hesabu hiyo unaipiga upesi.

Mwaka 1869 kikundi cha watu wa Birmingham kilianzisha chama cha kutetea elimu, National Education League. Madai yao yalikuwa ya moja kwa moja: elimu iwe ya kila mtoto, iwe ya lazima, isiwe na ada, na isiwe chini ya dhehebu lolote. Mmoja wao alikuwa mbunge George Dixon. Mwingine alikuwa mfanyabiashara wa skrubu mwenye umri wa miaka 33, mtanashati, mwenye ulimi mkali, jina lake Joseph Chamberlain. Lishike jina hilo, tutakutana nalo tena mahali ambapo pengine hulitegemei.

Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria ya elimu ya msingi iliyoletwa na waziri W. E. Forster. Haikuwapa watu wa Birmingham yote waliyoyataka. Shule za makanisa zilibaki, ada ikabaki. Ila ilileta kitu kipya kabisa: pale penye upungufu wa shule, wananchi wangechagua Bodi ya Shule, na bodi hiyo ingekuwa na mamlaka ya kujenga kwa fedha za kodi ya majengo. Wanawake waliruhusiwa kupiga kura na kugombea, karibu nusu karne kabla hawajaruhusiwa kuchagua wabunge.

Uchaguzi wa kwanza wa bodi hiyo mjini Birmingham unafaa kufundishwa kwa kila mwanasiasa. Viti vilikuwa 15, na kila mpiga kura alikuwa na kura 15 ambazo angeweza kuzigawa apendavyo, hata kumrundikia mtu mmoja zote. Chama cha Kiliberali, kilichokuwa na nguvu kubwa mjini, kilitamani vyote na kikasimamisha wagombea 15. Upande wa Kanisa la Anglikana ukasimamisha wanane tu na kuwarundikia kura. Wanane wote wakapita. Waliberali wakaambulia sita, na hivyo watu walioanzisha vuguvugu la elimu nchi nzima wakakaa miaka mitatu kama wachache katika bodi ya mji wao wenyewe. Mwaka 1873 walikuwa wameshajifunza hesabu. Walishinda, na Joseph Chamberlain akawa mwenyekiti. Mwaka huo huo akawa Meya. Pamoja naye katika bodi aliingia Eliza Sturge, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa humo, kutoka ukoo wa Joseph Sturge, yule mpigania ukomeshaji wa utumwa.

Sasa fedha zipo, mamlaka yapo. Nani atachora ramani za shule?

Kazi ilipewa kampuni ya wasanifu majengo iitwayo Martin & Chamberlain. Huyu Chamberlain ni mwingine, John Henry, wala hakuwa ndugu wa Joseph, ingawa baadaye alimchorea jumba lake la Highbury. Alizaliwa Leicester mwaka 1831. Alikuwa mfuasi wa mwandishi John Ruskin, na kwa Ruskin alichukua imani moja aliyoishika mpaka kufa: kwamba jengo linafundisha. Fundi anayechonga jani kwenye jiwe kwa mkono wake anaacha humo furaha au uchovu wake, na anayelitazama jani hilo miaka nenda rudi hupokea kitu. Kwa hiyo usifikiri kwamba maua ya udongo wa kuchoma yaliyopambwa kwenye kuta za shule za Birmingham yalikuwa mabaki ya bajeti. Kwa John Henry Chamberlain yalikuwa sehemu ya masomo.

Mtindo alioupenda ni wa Kigothi, ule wa makanisa ya zama za kati yenye tao zilizochongoka. Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu bodi yenyewe ilikuwa ikigombana na makanisa kila siku. Chini ya Joseph Chamberlain iliamua walimu wake wafundishe masomo ya kawaida tu, na dini wakaachiwa watu wa madhehebu waje kuifundisha wenyewe. Sera hiyo ililegezwa baadaye. Lakini fikiria: shule zisizofundisha dini, zimejengwa kwa umbo la nyumba za ibada. Nadhani walijua walichokuwa wakikifanya. Kwa karne nyingi jengo zuri pekee ambalo mtu maskini wa Uingereza aliweza kuliingia kwa haki yake lilikuwa kanisa. Sasa aliletewa la pili, mlangoni pake, na mwenye nalo alikuwa mlipa kodi.

Kuhusu mnara, wengi hudhani ulikuwa wa kengele au wa fahari. Fahari ilikuwemo, sikatai. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa hewa. Shule ya Mtaa wa Oozells ilijengewa watoto wapatao 800. Waweke ndani ya kuta nne wakati wa baridi, Januari, madirisha yamefungwa. Nguo zao zimelowa mvua na hawana za kubadilisha. Nyumbani maji ya kuogea ni ya foleni. Moto wa makaa unawaka. Kikohozi kinapita kutoka benchi hadi benchi, na katika miaka ile kikohozi cha darasani kiliweza kuwa kifua kikuu, dondakoo au homa nyekundu. Baada ya saa moja hewa ya chumba kama hicho humfanya mtoto asinzie hata kama mwalimu ni hodari namna gani.

Wasanifu wakatumia kanuni ambayo kila mpishi anaijua: hewa ya moto hupanda. Hewa safi iliingizwa kutoka nje, ikapata joto, ikasambaa madarasani. Hewa iliyochoka ilipanda, ikakusanywa chini ya mapaa yale marefu, ikavutwa mpaka kwenye mnara na kutoka juu kabisa, juu ya mapaa ya nyumba za jirani. Kadiri mnara ulivyokuwa mrefu ndivyo mvuto ulivyokuwa na nguvu. Kwa hiyo ule urembo unaoonekana kutoka mbali, uliowafanya watu waseme hili ni kanisa, ulikuwa pafu la watoto 800. Mimi sijui mfano mzuri kuliko huo wa mtu kukataa kutenganisha uzuri na manufaa. John Henry angeweza kuweka bomba la bati. Aliona kwamba kama bomba ni lazima liwepo, basi na liwe kitu ambacho mtaa mzima utakiinulia macho.

Nisikudanganye kwamba yaliyokuwa yakitendeka ndani yalilingana na uzuri wa nje. Kuanzia mwaka 1862 ruzuku ya serikali ilitegemea matokeo: mkaguzi anakuja, anawasomesha watoto mmoja mmoja, anawapa imla na hesabu, na fedha za shule zinapimwa kwa waliofaulu na waliohudhuria. Unaweza kukisia matokeo yake. Walimu walikaririsha. Vitabu vilisomwa mara nyingi kiasi kwamba mtoto aliweza kukisoma chake akiwa amekishika juu chini. Madarasa yalikuwa makubwa kupita kiasi, na sehemu ya kazi ilifanywa na walimu wanafunzi, vijana waliotoka juzi tu kwenye madawati yale yale. Viboko vilikuwepo. Mfumo huo wa malipo kwa matokeo ulikuja kuachwa katika miaka ya 1890.

Hata ulazima na ubure vilikuja polepole. Sheria ya 1870 iliruhusu bodi kuwalazimisha watoto wa miaka 5 hadi 13 kuhudhuria, ikitaka. Mwaka 1880 mahudhurio yakawa ya lazima nchi nzima mpaka umri wa miaka 10. Ada, ambayo kwa mujibu wa sheria haikutakiwa kuzidi peni tisa kwa wiki, iliondolewa kwa watoto walio wengi mwaka 1891. Umri wa kuacha shule ukapanda hadi 11 mwaka 1893 na 12 mwaka 1899. Kila hatua ilikuwa vita, na walipa kodi walinung'unika. Waliuliza kwa nini fedha zao ziende kwenye minara na maua ya udongo kwa ajili ya watoto ambao kesho watakuwa wakikata pini. Swali hilo bado linaulizwa, msikilizaji, katika nchi nyingi, kwa lugha ya heshima zaidi.

Mwaka 1894 gazeti moja la London, Pall Mall Gazette, liliwaeleza wasomaji wake kwamba Birmingham shule ya bodi hutambulika kwa urahisi: ni lile jengo lililo bora kuliko yote mtaani. John Henry Chamberlain hakuwepo kulisoma. Alifariki ghafla mwaka 1883, akiwa na umri wa miaka 52, na kazi yake kubwa ya mwisho, Chuo cha Sanaa cha Mtaa wa Margaret, ilikamilishwa na wenzake mwaka 1885. Chuo hicho nacho kilijengwa kwa imani ile ile: kwamba kijana wa karakana ya vito anastahili kujifunzia mahali pazuri kama mahali anapojifunzia mtoto wa bwana.

Nilikuomba ushike jina la Joseph Chamberlain. Basi sogea miaka mbele, mpaka Desemba 1902. Yule mfanyabiashara wa skrubu sasa ni Waziri wa Makoloni wa Dola ya Uingereza, cheo alichokishika tangu 1895. Yuko safarini kwenda Afrika Kusini, na njiani anashuka Mombasa, anapanda treni ya reli mpya iliyofika Ziwa Victoria mwaka uliotangulia, na kupelekwa bara. Wakati huo Himaya ya Afrika Mashariki ilikuwa bado chini ya Wizara ya Mambo ya Nje, lakini macho yake yalipima ardhi. Miezi michache baadaye alitoa pendekezo maarufu la kuwapa Wayahudi waliokuwa wakiteswa huko Urusi sehemu ya nyanda hizo wahamie, pendekezo lililojulikana kama mpango wa Uganda ingawa ardhi iliyotajwa ilikuwa Uasin Gishu, Kenya ya leo. Wenyeji wa ardhi hiyo hawakuulizwa.

Nimelisoma jambo hilo mara nyingi na bado linaniuma. Huyu ndiye aliyesimama majukwaani akisema kwamba elimu ya mtoto isiachwe mikononi mwa makanisa, kwamba ni wajibu wa serikali, kwamba maskini ana haki. Katika himaya aliyoipita kwa treni, shule zilizokuwepo zilikuwa karibu zote za misheni, na zikaendelea kuwa hivyo kwa miongo mingi. Hali ambayo yeye na wenzake waliiona kuwa aibu kwa Birmingham ya 1869 ilionekana inatosha kabisa kwa Waafrika. Sisemi hivi ili kuwadharau wamisheni, wengi wao walifanya kazi ambayo hapakuwa na mwingine wa kuifanya. Nasema kwamba mnara wa Mtaa wa Oozells ulikuwa na kivuli, na kivuli hicho kilifika mbali.

Turudi mtaani. Mwaka 1902 sheria mpya ilivunja bodi za shule, na majengo yakaingia mikononi mwa halmashauri. Karne ya 20 haikuupendelea mtaa huu. Viwanda vya pembeni mwa mfereji vilififia, familia zikahamishiwa kwenye nyumba mpya nje ya katikati ya mji, na shule isiyo na familia karibu haina wanafunzi. Jengo la Oozells liliacha kuwa shule ya watoto, likatumika kwa hili na lile, likachakaa. Mnara wake ulibomolewa.

Usishangae kwamba hakuna aliyeuzuia. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, usanifu wa enzi ya Victoria ulidharauliwa Uingereza kuliko mtindo wowote mwingine. Mhandisi mkuu wa Birmingham, Herbert Manzoni, aliyeshika kazi hiyo kuanzia 1935 hadi 1963, alikuwa na ndoto ya jiji la barabara pana na zege, na hakuona thamani kubwa katika majengo ya kale. Mfano unaoniuma zaidi ni maktaba. John Henry Chamberlain alikuwa ameijengea Birmingham maktaba kuu, iliyofunguliwa mwaka 1882 baada ya ile ya kwanza kuungua. Mwaka 1974 ikabomolewa. Pembeni ilijengwa nyingine ya zege, kazi ya msanifu John Madin, ambayo nayo haikufikisha hata miaka hamsini: ilianza kubomolewa mwaka 2015. Kutoka maktaba ile ya Chamberlain kiliokolewa chumba cha mbao zilizonakshiwa kilichotengenezwa kwa ajili ya vitabu vya Shakespeare. Kilivunjwa kipande kipande, kikahifadhiwa, na leo kiko juu kabisa ya Maktaba ya Birmingham iliyofunguliwa mwaka 2013. Ukikiona huko juu, kimewekwa ndani ya jengo la mviringo la rangi ya dhahabu, utafurahi na kusikitika kwa pamoja.

Kilichoiokoa shule ya Oozells ni orodha. Kuanzia miaka ya 1940 sheria za mipango miji za Uingereza ziliagiza iwepo orodha ya taifa ya majengo yenye thamani ya usanifu au ya historia. Yana madaraja: la I kwa machache ya pekee kabisa, la II lenye nyota, na la II, ambalo ndilo la majengo zaidi ya tisa katika kila kumi. Likishaingia humo, mwenye jengo hawezi kulibomoa wala kulibadilisha sura bila kibali maalumu, na akifanya hivyo ametenda kosa la jinai. Chama cha watetezi wa majengo ya enzi hiyo, Victorian Society, kilichoanza mwaka 1958, kilisaidia kubadilisha macho ya watu, mpaka yale yaliyoitwa mabanda ya masizi yakaanza kuitwa urithi. Oozells iliwekwa daraja la II.

Lakini orodha ina mipaka yake, na ni vizuri tuijue kabla hatujaisifu sana. Haimpi mwenye jengo senti ya kulitengenezea. Haizuii mvua. Jengo lililoorodheshwa likakosa kazi hukaa likivuja miaka kumi, ishirini, huku kila mtu akiheshimu sheria, mpaka siku paa linaposhuka lenyewe. Kinachohifadhi jengo ni miguu ya watu wanaoingia na kutoka. Asubuhi mtu anafungua mlango, anasikia tone linadondoka, anamwita fundi. Hakuna sheria inayoweza kufanya kazi ya huyo mtu.

Bahati ya Oozells ilikuja miaka ya 1990, ardhi yote ya pembeni mwa mfereji ilipoendelezwa upya na kuitwa Brindleyplace. Ikon, jumba la sanaa ambalo wasanii walilianzisha miaka ya 1960 ndani ya kibanda cha vioo katika soko la Bull Ring na kisha likahamahama kwa miaka mingi, lilikuwa likitafuta nyumba. Wasanifu wa kampuni ya Levitt Bernstein walipewa kazi ya kuligeuza jengo. Waliifanya kwa adabu. Ngazi mpya na lifti waliziweka nje, ndani ya minara ya vioo, ili wasitoboe kuta za zamani, na mtu anayepanda anaona matofali ya mwaka 1877 kwa karibu sana, na ya leo yanajitambulisha kuwa ya leo. Jumba lilifunguliwa mwaka 1998. Na ule mnara uliobomolewa ukajengwa upya.

Wapo wanaosema kujenga upya kitu kilichokwisha kuvunjwa ni kujidanganya. Hoja hiyo naielewa. Jumba la sanaa halina watoto 800 wa kuwavutia pumzi. Hata hivyo nauunga mkono, kwa sababu bila mnara jengo lile lilikuwa sentensi iliyokatwa katikati. Ungeona mapaa yote yakipanda kuelekea mahali ambapo hapakuwa na kitu, na usingeweza kujua tena wale watu walifikiri nini kuhusu hewa na watoto.

Linalonikera ni jingine. Jengo lilijengwa kwa ajili ya maskini wa mtaa ule, na lilipookolewa maskini walikuwa hawapo tena. Walikwisha kuhamishwa. Waliobaki kulizunguka ni watu wa benki na wanywaji wa kahawa. Orodha ililinda matofali kwa uaminifu wote. Haikuwa na kifungu chochote kuhusu wale ambao matofali yalichomwa kwa ajili yao. Ikon wanajitahidi: mlango hauna kiingilio, na kwangu mimi hilo ndilo jambo linalofanana zaidi na shule ya zamani kuliko hata mnara.

Kwa hiyo ukifika Birmingham, baada ya kutoka Oozells Square panda basi uende Sparkbrook, kwenye barabara ya Stratford. Ni mtaa wa wahamiaji, Wapakistani, Wasomali, na familia za Kihindi ambazo baadhi yao zilipitia Kenya na Uganda kabla ya kufika huko. Hapo iko shule ya msingi ya Ladypool. Ilijengwa mwaka 1885 na kampuni ile ile ya Martin & Chamberlain, miaka miwili baada ya John Henry kufariki, na imeorodheshwa daraja la II lenye nyota, juu ya Oozells. Nayo ilikuwa na mnara wake mwembamba wa hewa uliochongoka. Tarehe 28 Julai 2005, alasiri, kimbunga kikapita kusini mwa jiji. Kiling'oa miti ipatayo elfu moja, kikaezua mapaa, kikawajeruhi watu wasiopungua 19. Hakuna aliyekufa. Mnara wa Ladypool haukusalimika.

Kwa watunza majengo lilikuwa pigo kubwa, na nawaelewa. Lakini mimi nikiulizwa kati ya shule hizi mbili ni ipi iliyobahatika zaidi, ile iliyorudishiwa mnara ikapoteza watoto, au hii iliyopoteza mnara ikabaki na watoto, nitaitaja Ladypool bila kusita. Watoto wake wanatoka nyumba zinazozungumza lugha nyingi, wazazi wengi hawana kitu, na kila asubuhi ya muhula wanaingia darasani katika jengo bora kuliko yote mtaani kwao. Mnara unaweza kujengwa. Michoro ya Wavictoria inasomeka, mafundi wa matofali na wa udongo wa kuchoma bado wapo, na Oozells imeonyesha kwamba kazi hiyo inawezekana. Inahitaji fedha na watu wa mji ule kukubaliana kwamba watoto wa Sparkbrook wanastahili gharama hiyo, kama walivyokubaliana wale wa bodi ya mwaka 1873.